Kufungua ekari iliyofunga kwa panga: shajara ya mradi

Eneo

Kipande ni kama ekari moja, kimelala misimu kadhaa bila kuguswa. Upande wa chini ni nyasi za kiunoni. Katikati kuna vichaka vya miiba vilivyochanganyika na miti michanga, mingine ya unene wa kidole gumba, mingine ya kifundo cha mkono. Uzio wa zamani wa waya umemezwa na mimea ya kutambaa, na pembeni kabisa kuna shina la mianzi lililoachwa lijitanue litakavyo. Kazi ni kubakiza miti mikubwa, kuondoa vilivyo chini yake, na kurudisha njia kando ya uzio. Mashine ya kufyekea ingemaliza nyasi haraka, ila haina faida kwenye miiba iliyosokotana na waya, na huko ndiko kazi kubwa iliko. Kwa hiyo ni panga, na msumeno wa mkono kwa vile visivyo vya panga.

Eneo limepitiwa lote kwa fimbo ndefu kabla ya kukata chochote. Tumetafuta waya uliolala chini, mawe, chupa, mashimo, vigingi vya mpaka, viota vya nyigu na nyuki. Kila kilichoonekana kimefungwa utepe wa rangi kali kwenye usawa wa macho, maana alama ya chini huzibwa na majani yanayoanguka. Fimbo pia inagongwa ardhini kwa nguvu ili nyoka aliyelala humo apate nafasi ya kuondoka mwenyewe.

Kuchagua mapanga

Ukiwa mbele ya mapanga yaliyopangwa dukani, jicho hukimbilia refu linalong'aa. Anza na mmea badala yake. Mmea laini hukatwa kwa kasi. Mmea mgumu hukatwa kwa uzito. Nyasi hazisimami kupokea pigo, zinalala. Zikipigwa polepole na bapa zito, zinainama na kuinuka tena nyuma yako. Zinataka bapa refu na jembamba, inchi 22 hadi 24, unene wa milimita 2 hivi, ambalo ncha yake inapita kwa kasi bila kuuchosha mkono. Mti mchanga ni kinyume: unasimama, na bapa jembamba likiupiga linayumba, nguvu inaishia kwenye mtetemo badala ya kwenye mkato. Hapo panga fupi la inchi 12 hadi 16, lenye mgongo wa milimita 4 au zaidi na uzito ulioegemea mbele, linakata kwa mapigo mawili kile ambacho lile refu lingehangaika nacho kwa sita.

Ndiyo sababu maumbo yanatofautiana duniani. Parang ya Malaysia na Indonesia ni fupi, nene na imejipinda, kwa sababu imezaliwa kwenye misitu yenye miti mingi migumu. Mapanga marefu na membamba ya Amerika ya Kati na Kusini yamekaa zaidi kwenye majani mabichi. Panga la kichwa kipana, ambalo bapa lake linapanuka kuelekea mbele, liko katikati: ule upana wa mbele ndio uzito wake.

Tumechukua matatu: jembamba la inchi 22 kwa nyasi, la kichwa kipana la inchi 18 na milimita 3 kwa kila kitu cha katikati, na fupi nene la inchi 14 kwa miti. Mwenye uwezo wa kununua moja tu achukue la inchi 18. Zaidi ya inchi 24 hatuoni sababu. Linagusa vitu ambavyo hukukusudia kuvigusa.

Chuma: tumetaka chenye kaboni, si kile kisichoshika kutu. Mapanga mengi yana alama kama 1055 au 1075, na tarakimu mbili za mwisho hueleza kaboni iliyomo, yaani 1075 ni kama asilimia 0.75. Chuma cha panga huachwa laini kuliko cha kisu cha jikoni kwa makusudi, ili likigonga jiwe lijikunje badala ya kumeguka, na ili tupa iweze kulila. Panga ambalo tupa inateleza juu yake bila kutoa unga ni gumu kupita kiasi kwa kazi hii. Lisilopata kutu linapendeza, lakini bapa refu la aina hiyo aghalabu halishiki makali, au likifanywa gumu linakuwa rahisi kuvunjika.

Ukaguzi wa dukani ulikuwa hivi. Funga jicho moja, tazama mstari wa makali kutoka mpinini hadi nchani. Bapa lililopinda linaonekana papo hapo. Egemeza ncha kwenye ubao, sukuma taratibu lipinde kidogo, achia. Linalorudi lenyewe limetiwa moto vizuri, linalobaki limepinda rudisha. Kisha ligonge bapa kwa kijiti huku umeshika mpini kwa vidole viwili. Sauti ikiwa ndefu na safi, sawa. Ikikatika kwa mkwaruzo, kuna ribiti (pini ya chuma inayoshikilia mpini kwenye bapa) iliyolegea au ufa. Mwisho angalia mpini: mkia wa bapa uonekane hadi mwisho wa mbao, ribiti zisipungue tatu, na kuwe na fundo nyuma la kuzuia kiganja kisichomoke.

Mipini

Rangi ya kung'aa ya kiwandani imeondolewa yote kwa msasa. Mkono ukitoka jasho, rangi ile huteleza na kuchubua malengelenge. Kingo kali za mbao zimeviringwa, na mshono wa plastiki kwenye mpini wa panga la nyasi umekwanguliwa kwa kisu. Mbao imepakwa mafuta ya kitani mara tatu, kila safari ikiachwa inyonye na kukauka. Tambara lililofutia mafuta hayo lisikunjwe na kutupwa pembeni, linaweza kujiwasha lenyewe. Litandazwe nje likauke.

Mwisho wa kila mpini umepakwa rangi nyekundu. Panga likianguka kwenye majani mabichi huwezi kuliona hadi ulikanyage.

Kuhusu ugwe wa kufunga mkononi hatukukubaliana mara moja. Ukivaa kitanzi kwenye kifundo cha mkono na panga likachomoka, haliendi mbali, linarudi kuzunguka mkono wako mwenyewe. Tulichokubali ni kitanzi kinachopita kwenye kidole gumba na nyuma ya kiganja, ambacho ukifungua mkono kinaachia. Kwenye nyasi hakuna ugwe kabisa.

Makali

Mapanga mapya yamekuja na kitu kinachofanana na makali tu. Ukingo umesagwa kwa pembe butu na kupakwa vanishi. Anayeanza kazi na panga kama lilivyotoka dukani atajichosha saa nzima na kulaumu mkono wake. Kwa maoni yetu tupa ni nusu ya panga, na tupa nzuri pamoja na panga la kawaida hushinda panga la ghali lisilo na tupa.

Tupa ni ya inchi 10, bapa, yenye meno ya mstari mmoja. Imefungwa mpini, kwa sababu mkia wa tupa usio na mpini huchoma kiganja siku inapokwama. Panga limebanwa kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya mbao. Shambani, pasipo jiliwa, bapa linalazwa kwenye gogo na kukanyagwa mpinini kwa mguu wenye buti. Mkono unaoongoza ncha ya tupa una glovu ya ngozi.

Pembe huwatatiza wengi. Simamisha tupa wima juu ya bapa: hizo ni nyuzi 90. Ilaze nusu, 45. Ilaze nusu ya hapo, karibu 22. Kwa nyasi tumekaa kwenye 20 kila upande, kwa panga la inchi 18 kama 25, na lile fupi la miti 30, maana pembe nyembamba kwenye mti mgumu hujikunja. Kuhakiki, pakaa ukingo wino mzito wa kalamu, piga tupa mara moja, kisha tazama. Wino ukitoka nyuma tu, tupa imelala mno. Ukitoka kwenye ncha ya ukingo tu, imesimama mno.

Sukuma mbele, kuelekea kwenye makali na kwa mshazari toka mpinini kwenda nchani, kisha inua tupa unaporudi. Kuivuta nyuma ikiwa imegusa chuma kunaua meno yake. Meno yakijaa unga, tupa huanza kukwaruza mistari mirefu. Ipige brashi ya waya, na kuipaka chaki kabla ya kuanza hupunguza tatizo. Endelea upande mmoja hadi uhisi utepe mwembamba wa chuma umejikunja upande wa pili. Unahisiwa kwa nyama ya kidole gumba kinachotoka mgongoni kwenda nje ya makali, kamwe si kwa kufuata urefu wake: ni kama ukucha uliokatwa vibaya, unakwama kidogo. Utepe usipokuwepo kwa urefu wote, makali hayajafika, hata kama yanang'aa. Ukishaupata geuza upande wa pili, na mwishoni uondoe kwa kinoo chenye maji, mapigo mepesi ya kupokezana pande.

Jaribio ni mwanga. Ukiwa chini ya jua, elekeza makali juu na uyatazame moja kwa moja. Makali halisi hayaonekani. Panapometa mstari mweupe ni pabutu, parudie.

Inchi mbili za karibu na mpini hazikunolewa. Hapo kidole cha shahada kinapita mbele ya mpini kwa kazi ndogo, kama kuchonga kigingi.

Grainda haikutumika. Si kwamba haiwezi, bali ukingo ni mwembamba na unapata joto haraka kuliko unavyodhani. Chuma kikigeuka rangi ya bluu kimepita nyuzi 300 hivi za Selsiasi na ugumu umekwisha pale. Sehemu hiyo haitashika makali tena mpaka iondolewe yote kwa tupa.

Upande wa nyasi

Umekwisha, na umekwenda haraka kuliko sehemu nyingine zote. Mkono wa kulia panga la inchi 22, wa kushoto fimbo yenye kulabu, urefu wa mita moja hivi. Kulabu inakusanya tita la nyasi na kulivuta likaze, panga linapita chini yake kwa pigo la chini, sambamba na ardhi, kiasi cha upana wa kiganja juu ya udongo. Nyasi zilizokazwa hukatika kwa nusu ya nguvu. Fimbo pia inafanya mkono wa kushoto uwe na kazi mbali na bapa, na hilo ni muhimu zaidi ya kasi.

Mshiko: kidole gumba na cha shahada vinabana, vitatu vingine vinalegea wakati panga likirudi nyuma, kisha vinafunga kwa pamoja linapokaribia kugusa. Nguvu inatoka begani, kifundo cha mkono kinamalizia. Anayeubana mpini kwa vidole vyote muda wote huanza kuumwa kiwiko kabla ya adhuhuri. Miguu imepanuka, ule wa upande wa panga uko nyuma, na pigo linaishia nje ya mwili, kushoto, mbele ya mguu. Kabla ya kila pigo jiulize: likipita bila kugusa kitu, litasimama wapi? Kama jibu ni ugoko, hama.

Wafyekaji wamepangwa kwa mshazari, si mstari mmoja, na umbali usiopungua mita 4 kati yao. Anayetaka kumkaribia mwenzake anaita na kungoja panga lishuke. Zamu ni nusu saa, halafu maji na tupa: mapigo matano au sita kila upande yanatosha kama hujaacha makali yafe. Yakishakufa unatengeneza upya, kazi nyingine hiyo.

Asubuhi nyasi zikiwa na umande hukatika vizuri, ila mpini unalowa na miguu inateleza. Tumeanza umande ukishaanza kukauka.

Vichaka na miti michanga

Sehemu ya polepole. Miiba inaingiwa kutoka chini: kata mashina kwenye usawa wa ardhi, vuta kichaka kizima nje kwa kulabu, ndipo ukikatekate. Kukipiga kutoka juu hutoa vipande vidogo vyenye miiba vilivyotapakaa mahali unapotaka kupita. Miwani ya kinga ni lazima hapa.

Mti mchanga haukatwi kwa pigo la kukingama. Nyuzi za mti zikipigwa pembe mraba, panga linadunda. Piga kwa mshazari wa nyuzi 45 kuelekea chini, kisha pigo la pili kutoka upande wa pili, mpaka kibanzi cha umbo la V kitoke. Wenye unene wa kidole gumba unainamishwa kwa mkono wa kushoto, ukiushika juu ya usawa wa kiwiko chako, na kukatwa kwenye mgongo wa pindo, pale nyuzi zilipokazika. Unakatika kwa pigo jepesi sana, kiasi kwamba kosa la kawaida ni kupiga kwa nguvu zote na bapa kuendelea mbele kuelekea mguu. Pia jiweke kando ya njia utakayofyatukia.

Mkato wa mshazari unaacha kisiki chenye ncha kali kama mkuki. Kwenye njia hiyo haikubaliki: buti linatobolewa, na anayejikwaa anaangukia juu yake. Kila kisiki kimerudiwa kwa msumeno, kikakatwa bapa kwenye usawa wa udongo. Inachukua muda mrefu na haionekani kwenye picha, lakini isiachwe.

Mti wowote unaozidi sentimita 6 hivi umeachiwa msumeno. Matawi makavu ya mti mgumu nayo si ya panga. Bapa linateleza kwenye fundo na kwenda linakotaka. Kupasua mti kwa kugonga mgongo wa panga kunawezekana, mradi nyundo iwe kipande cha mbao. Nyundo ya chuma inatandaza mgongo na kulegeza ribiti.

Uharibifu uliojitokeza

Panga la inchi 18 limepata pengo la milimita 2 hivi; waya ulikuwa umezama ndani ya shina lililokua kuuzunguka, utepe haukuweza kuuonyesha. Pengo dogo namna hii halihitaji kuondolewa lote. Kingo zake zimelainishwa kwa tupa ili zisianze ufa, na litaisha lenyewe kadiri panga linavyonolewa. Ufa wenyewe, hata wa kama unywele, ni habari nyingine: panga lenye ufa halirudi kazini.

Mpini wa panga la nyasi ulianza kucheza. Ribiti moja ilikuwa imelegea, ikagongwa upya juu ya chuma kizito kwa nyundo yenye kichwa cha mviringo, mapigo madogo ya kuzunguka ukingo. Mpini unaocheza hausubiri mwisho wa siku.

Uzio

Mimea ya kutambaa imekatwa chini tu, yote, ikaachwa inyauke juu ya waya. Ikiwa mibichi haivutiki, na kuivuta kwa nguvu kunaweza kuangusha tawi kavu lililoshikiliwa na mimea hiyo hiyo juu ya kichwa. Ikishakauka inang'oka kwa mkono. Karibu na waya hatukuzungusha panga: limeshikwa mbele ya mpini, pale pasiponolewa, na kuvutwa kama kisu.

Mianzi

Kwa panga fupi, pigo la mshazari, juu kidogo tu ya pingili. Ukikata mbali juu ya pingili unaacha kikombe kinachokusanya maji, mbu huzaa humo na shina huoza. Mianzi iliyopasuka ina kingo zinazokata kama wembe, kwa hiyo glovu kwenye kubeba, hata kama kwenye kukata hazikuvaliwa. Mabua yaliyoegemeana yanabana. Kata lile la nje kwanza, usiingie katikati.

Sanduku na matunzo

Kwenye kila kundi kuna bandeji pana, chachi, maji safi na kamba ya kubana mshipa. Jeraha la panga hubanwa moja kwa moja kwa chachi, dakika kumi bila kufunua kuchungulia. Damu inayoruka kwa mapigo kwenye mkono au mguu na isiyozuilika kwa kubana ndiyo ya kamba, na saa ilipofungwa iandikwe. Jeraha lenye kina linapelekwa hospitali, pamoja na swali la chanjo ya pepopunda.

Utomvu huoshwa siku hiyo hiyo, kwa sababu mwingi una asidi na asubuhi unakuta madoa ya kutu. Osha, kausha, pakaa mafuta tabaka jembamba. Weusi wa kijivu unaotokea kwenye chuma cha kaboni si kutu, uachwe. Panga halihifadhiwi ndani ya ala ya ngozi, ngozi hushika unyevu; ala ni ya safari tu. Wakati wa mapumziko haliachwi limechomekwa ardhini, udongo ni mchanga na mchanga unakula makali. Linaegemezwa kwenye shina, makali yakitazama mti, mahali pamoja panapojulikana na wote.

Kilichobaki

Visiki vya katikati vitachipua. Chipukizi zikatwe zikifika gotini zikiwa bado laini, kwa panga la inchi 18, na zirudiwe kila zinapofika hapo hadi shina lichoke. Mimea iliyonyauka kwenye uzio bado haijang'olewa upande wa mianzi. Tupa ya inchi 10 imeanza kuteleza katikati, mpya inahitajika kabla ya mzunguko unaofuata. Ile ya zamani bado inafaa kwa kulainisha visu vidogo.